Tulishuka Mjini Ili Mtoto Ale

Mkitaka kwenda mjini na waume zenu, kwanza ulizaneni kila mmoja anakwenda kufuata nini. Ulizaneni nyumbani, kabla ya kufunga mzigo. Sisi hatukuulizana. Mume wangu alikuwa anakwenda kutembea. Mimi nilikuwa nakwenda kujificha.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Kahawa ilikuwa imeshaanikwa na kupelekwa, masika bado. Binti yetu wa kwanza alikuwa anakimbia uani akifukuza kuku, lakini chakula hataki. Uji anatema. Mtori wa ndizi anageuza uso. Alitaka kunyonya ziwa langu tu, asubuhi, mchana na usiku, na mwili ulikuwa unamwisha, mbavu zote nje. Mganga wa misheni alimtazama akasema maziwa ya mama hayamtoshi tena, huyu asipokula hatuvuki naye masika. Lakini atakulaje, wakati mimi nipo na ziwa analijua lilipo?

Mama mkwe akakata shauri kama wakwe wa kwetu mlimani walivyokuwa wakikata. Mama wa mtoto aondoke, akalale mbali, mtoto abaki na bibi mpaka njaa imfundishe bakuli.

"Nenda usionekane siku tatu," aliniambia. "Na maziwa yako usiyamwage njiani watu wakakanyaga. Yamwagie kwenye shina la mgomba. La sivyo yatakauka, na huyo atakayefuata utamnyonyesha vidole?"

Mume wangu alifurahi kama mtu aliyeitwa harusini. Alikuwa na rafiki mjini Arusha, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza ya duka la Mhindi. Fundi alikuwa amekwenda likizo kwao, akamwachia ufunguo wa chumba chake nyuma ya duka.

"Tutatembea," akasema. "Tutapiga picha. Watu wa mjini hutembea na wake zao ubavuni."

"Na hapa kwetu wake hutembea wapi?"

"Nyuma."

"Basi nitaona nikifika."

Tuliondoka mtoto amelala. Sikumuaga. Hilo nawaambia pia: mkimwacha mtoto, mwacheni kwa mwanamke asiyeogopa kilio. Mwanamke mwenye huruma nyingi atampakia mtoto mgongoni na kuwafuata njiani, na safari imekwisha.

Viatu vyangu vilikuwa vipya, nikavibeba kichwani pamoja na blanketi. Msivae viatu vipya safarini. Vaeni wiki nzima shambani kwanza, viwazoee. Tulishuka kwa miguu mpaka barabara kuu, tukapanda basi. Ndani ya basi kaeni mbele. Nyuma vumbi lote la barabara ni lenu. Jifungeni kichwa, na msile mayai ya kuchemsha kabla ya kupanda. Mume wangu alikula.

Tulipofika mto Themi tuliteremka, tukaosha miguu, tukavaa viatu na kuingia mjini kama watu. Chumba cha fundi kilikuwa kizuri, kitanda cha kamba, taa, kikombe cha bati. Mkifika mnakolala, kabla ya kutua mzigo ulizeni choo kiko wapi na maji yako wapi. Mimi niliuliza mgomba uko wapi. Mume wangu akacheka.

"Umetoka kwenye migomba leo asubuhi, umeshaikumbuka?"

Kifua kilikuwa kimeanza kukaza. Kila saa ya kunyonya ilipofika, mwili ulijua.

Jioni ile akanitembeza. Alinionyesha maduka ya Wahindi yaliyopangana, vitambaa vikining'inia mlangoni. Alinionyesha hoteli ya Wazungu, na tukaitazama tukiwa ng'ambo ya barabara, maana mtu mweusi asiye na trei mkononi hakukanyaga ile baraza. Nilitembea ubavuni, kama alivyotaka, lakini macho yangu yalikuwa nyuma ya nyua za watu. Kila bustani nasimama, nachungulia. Maua, maua, nyasi zilizokatwa, maua.

"Kumbe unapenda maua," akasema mume wangu. "Hukuniambia."

"Hawa watu wanakula nini?" nikamwuliza. "Hakuna hata mgomba mmoja."

"Mke wangu, tumekuja kupumzika."

"Pumzika wewe."

Tuliporudi chumbani nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa nasimama. Nikisimama natoka mlangoni, natazama upande wa mlima, na mlima umejifunika mawingu. Mwisho nikakamua kwenye kile kikombe cha bati, nikakifunika kwa sahani na kukisukuma chini ya kitanda. Sikupata usingizi. Namwona mtoto anapapasa kitandani, ananitafuta. Yule bibi kalala? Kaamka? Kampa maji?

Kulipopambazuka nilitoka na kikombe changu. Uani, pembeni kabisa, nyuma ya pipa la maji, nikauona. Mgomba! Mmoja tu, mwembamba, shina limezungushiwa vijiwe na chini pamefagiliwa. Nilichuchumaa pale kwa furaha. Sijainamisha kikombe, mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mke wa Mhindi mwenye duka, sari yake kaikunja mkononi.

"Wewe! Nafanya nini hapo? Hapana chafua! Mimi nasali hapo!"

"Sichafui, mama. Namwaga maziwa."

"Maziwa ya ng'ombe?"

Nikamwonyesha kifua, kanga ilikuwa imelowa. Akasogea.

"Toto yako nakufa?"

"Hajafa. Yuko nyumbani, mlimani. Namwachisha."

"Toto nalia kule, wewe natembea mjini na bwana?"

Neno lile lilinichoma, nikamjibu kwa ukali. "Wewe ulimwachisha wako kwa kumwimbia?"

Akacheka. Ana meno mazuri yule mama. Akasema wa kwake alimpaka pilipili kwenye ziwa, na mtoto akaipenda pilipili. Kisha akakitazama kikombe. "Mwaga," akasema. "Hii ndizi napenda maziwa. Mimi natoa maziwa kila Alhamisi, wewe natoa leo." Nikamwaga taratibu. Alisimama kando yangu, viganja ameviunganisha, akisema maneno ya kwao kwa sauti ndogo. Sikuyajua na sikumkataza. Mimi niliomba kwa Bwana Yesu, kwa Kimeru, mtoto ale.

Asubuhi ile ile tukaenda kupiga picha. Mkienda kwa mpiga picha msijipake mafuta usoni, mtang'aa kama sufuria. Na msiende mkiwa na jambo moyoni. Mpiga picha aliingia kwenye kitambaa chake cheusi akapiga kelele, "Tulia, mama!" Nikatulia. "Mama, tulia! Kichwa kinakwenda wapi?" Kilikuwa kinakwenda nyumbani. Mume wangu alisimama wima kama mti wa simu, mkono begani kwangu, akinong'ona, "Tulia basi, tutalipa mara mbili."

Tulipotoka nikamwambia twende sokoni. Akadhani nataka vitunguu. Sokoni nendeni mapema, nunueni mwisho, msije mkazunguka na mzigo. Lakini mimi sikwenda kununua. Nilikwenda kutafuta wanawake wa kwetu, wale wanaoteremka na ndizi alfajiri. Niliwakuta wamekaa chini, mikungu mbele yao.

"Ala! Huyu si yule aliyemkimbia mtoto?" akasema wa kwanza, mwanamke mzima, mdomo wake haujawahi kulala. "Umevaa viatu! Mjini kumekukubali."

"Shikamoo. Mtoto mmemsikia?"

"Marahaba. Tumemsikia? Nani hajamsikia? Jana analia mpaka kanisani wameshindwa kuimba."

"Usimtishe mwenzako," akasema wa pili. "Mimi nimepita pale leo kabla ya jua. Kimya kabisa."

"Kimya vipi? Kimya cha kulala au kimya gani?"

"Sasa mimi nilichungulia? Kimya tu. Hata bibi yake sikumwona."

Mtoto anayelia ana nguvu. Nilijua hivyo, kila mama anajua. Lakini mtoto aliye kimya, mwenye mbavu zile, ambaye hajala tangu jana? Nikageuka. Mume wangu alikuwa ananunua karanga.

"Narudi," nikamwambia.

"Kesho kutwa tutarudi wote."

"Mimi narudi sasa."

"Na Mama je? Alisema siku tatu. Ukirudi leo mtoto atakurukia, kilio chote cha jana bure, na tutaanza upya na mtoto aliyekonda zaidi. Ndivyo unavyotaka?"

Alisema kweli, na kweli ile sikuiweza. Nikavua viatu pale pale sokoni, nikaviweka kichwani. Alinitazama, akatazama karanga zake, akazifunga kwenye leso.

"Haya, tangulia," akasema. "Mimi nitatembea nyuma."

Tulipita chumbani kuchukua blanketi tu. Basi lilichelewa, halafu likajaa, halafu likasimama kila penye mtu na kuku. Mkiwa na haraka msikae karibu na dereva, mtamchukia bure. Tuliposhuka barabarani nilipanda mlima bila kupumzika, na yeye nyuma yangu anahema, blanketi begani. Kadiri nilivyokaribia nilisikiliza. Ndege. Shoka la mtu. Kilio hakuna.

Sikupitia mlangoni. Nilizunguka kwa nyuma, nikapita kati ya migomba yetu mpaka nikauona ua. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, mgongo wa mtoto umetuelekea. Bakuli chini. Mkono wa bibi wenye kijiko unakwenda kwenye bakuli, unapanda, unashuka. Sikuona kama chakula kinaingia mdomoni au kinatemwa.

Mama mkwe akainua macho akatuona. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akainua kijiko juu ya kichwa cha mtoto, akakitikisa mara moja: msije.

Ndipo nikamsikia binti yangu. "Tena," akasema.

Bibi akampa. "Tena."

"Anakula," mume wangu akaninong'oneza sikioni, kana kwamba sina macho. Mimi nilikuwa nimeshainua mguu. Nilitaka kumshika, kumpima kwa mikono yangu, kumnusa kichwa tu. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe na kuteremka mpaka tumboni kwangu. Mume wangu alinishika kanga kwa nyuma, akaizungusha mkononi kama kamba ya ndama, na hakuiachia, ingawa nilivuta na kanga ikapasuka pindo.

Mtoto alikula mpaka bibi akakwangua chini ya bakuli. Kisha mama mkwe akatuelekeza kwa kidevu upande wa kwa jirani. Tukarudi kinyumenyume kati ya migomba, taratibu, tusivunje jani kavu, tukaenda kuomba mahali pa kulala mpaka siku tatu ziishe.