Moto Ambao Hatukuuzima

Radi ilipiga mchana, bila mvua. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na tulikuwa tukiishi kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba la mzungu mmoja upande wa Elementaita. Mvua zilikuwa zimechelewa. Nyasi zilivunjika chini ya mguu, na mteremko wote juu yetu ulikuwa leleshwa tupu, kile kichaka cha majani ya kijivu ambacho huwaka hata kikiwa kibichi.

Mume wangu alikuwa mchungaji wa kondoo wa shamba. Aliuona mgunga uliopigwa, mmoja tu, huko juu, ukitoa moshi mwembamba shinani. Akaja nyumbani kuchukua panga na gunia, akaliloweka gunia kwenye pipa la maji. Alisema ni kazi ndogo, angerudi kabla ugali haujaiva.

Nilisimama mlangoni, mtoto mgongoni, nikamkatalia.

Kwetu mti uliopigwa na radi hauguswi. Moto wake hauzimwi mpaka aje mzee mwenye kazi hiyo, achinje kondoo dume na kusema maneno yake. Anayeugusa kabla ya hapo huleta kifo nyumbani kwake. Nililelewa hivyo. Mume wangu alikuwa amesoma misheni kidogo, akanicheka.

"Mama watoto, Mungu ana moto mwingi. Huu mmoja hatautafuta."

"Basi nenda," nikamwambia. "Lakini ukirudi usimshike mtoto huyu."

Hayo ndiyo niliyosema, neno kwa neno. Akaliweka panga chini.

Akaenda kwa nyapara, mtu wa kwetu, akamweleza kwamba mkewe amemzuia. Nyapara alimwambia mkewe ana akili kumzidi, na kwamba tungoje. Akamwita mzee mmoja aliyeishi shamba jingine, ng'ambo ya Gilgil. Lakini siku zile hakuna aliyevuka mpaka wa shamba bila pasi, na mwenye kuandika pasi ya yule mzee alikuwa amesafiri kwenda Nakuru. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Watu wa kambi wakaanza kutania kwamba mzee amebaki kumnenepesha kondoo. Mume wangu hakutania. Kila asubuhi alitoka nje kabla ya chai, akatazama juu. Moshi ulikuwa pale pale, mwembamba, kama wa mtu anayevuta kiko.

Siku ya tatu, baada ya saa sita, upepo ulivuma kutoka ziwani. Shina likaanguka. Sikuona lilivyoanguka, nilisikia tu leleshwa ikianza kulia, kama mafuta yanapomwagiwa maji. Kondoo walikuwa katikati ya mteremko, naye alikuwa nao.

Mbuzi angekimbia. Kondoo akiogopa husimama na kujibana na wenzake. Waliokuwa wakifyeka nyasi kule chini ili moto usipite walisema walimwona akiwasukuma kwa mikono, akiinua mmoja mmoja na kumtupa mbele, na kondoo wakimrudia. Walimwita. Kisha moshi ukawafunika. Tulimpata jioni, kando ya seng'enge, na kondoo wamemzunguka.

Mzee alifika kesho yake na pasi yake na kondoo wake dume. Alikuta tunachimba kaburi. Akarudi na kondoo wake.

Mama mkwe alitoka upande wa Kabazi, akafika tumeshazika. Hakulia mbele yangu. Alikaa kitini, akauliza swali moja: mtoto wake hakuwa mzembe, moto mdogo hivyo ulimshinda vipi siku tatu?

Nikasema nyapara alikataa usizimwe.

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Aliinuka akaenda kwa nyapara, nami nikamfuata nyuma, nikijua kwamba sasa nyapara atanitaja. Nyapara alivua kofia.

"Ni kweli, mama," akasema. "Ni mimi niliyesema tungoje."

Hakunitazama hata kidogo.

Mama mkwe hakurudi Kabazi. Alikaa nami, akanilelea mtoto, na kwa watu aliniita binti yake. Nyapara akimsalimu barabarani, aligeuza uso. Mara nyingi nilikusudia kumwambia. Nilingoja mtoto akue kidogo, kisha nikangoja mama apone mguu, kisha nikaacha kutafuta sababu. Niliogopa kubaki peke yangu; hakuna kingine.

Alipokuwa anakufa aliniagiza kwamba nyapara asikanyage mazishini kwake. Nyapara alikuwa hai bado, mzee wa mkongojo. Alikuja hivyo hivyo, akasimama nje ya ua, kofia mkononi. Vijana wakaniuliza wamwambie nini.

Nikawaambia mama alikataa.

Walimpelekea neno hilo. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kushuka taratibu. Ningeweza kumfuata, hakuwa mwepesi. Nikarudi ndani kuwapakulia watu chakula.