Umeme Ukirudi Tutajua

Mume wangu ana vidole kumi, na vitatu kati ya hivyo ni mali ya usharika wetu wa kanisa. Ni vya mkono wa kulia, vile vinavyobonyeza tarumbeta. Huku kwetu Masama tarumbeta hupigwa Krismasi, hupigwa harusini, hupigwa makaburini, na yeye amekuwa akipiga tangu kabla hajanioa. Tulishakubaliana kwamba nikitangulia mimi, atanipigia. Akitangulia yeye itabidi nitafute mtu, na wenzake wote kwenye kikundi hawajui kwenda polepole.

Kwa hiyo alipostaafu ualimu na kutangaza kwamba sasa atakuwa seremala, mimi nilifikiria vile vidole.

Alitaka kutengeneza meza ndefu, ili watoto wakipanda kuja nyumbani Desemba tule pamoja, badala ya nusu kulia sebuleni na nusu jikoni. Mbao zilikuwepo, za mgrevilea uliokuwa ukiitia kahawa kivuli mpaka upepo ulipouangusha. Kilichokosekana ni trima, ile mashine ndogo ya umeme inayoshikwa mkononi, ya kusawazisha na kupamba kingo za mbao. Tukashuka Moshi mjini kuinunua. Muuzaji alikuwa mtu wa maelezo, lakini mume wangu alishapotelea kwenye misumeno, hivyo somo lote nilifundishwa mimi, nikiwa nimeshika mfuko wa nyama.

Vaa miwani. Usivae kitu kinachoning'inia. Bana ubao usitembee. Shika mashine kwa mikono miwili, isukume kutoka kushoto kwenda kulia, kula mbao kidogo kidogo, na usiiweke chini mpaka kisu kiache kuzunguka. Halafu akainamia kaunta kama anayeniambia jambo la familia. "Ukitaka kubadilisha kisu, chomoa plagi ukutani. Sijasema kuzima, mama. Nimesema kuchomoa."

Nyumbani nikamfundisha mwalimu, na haki ya Mungu alisikiliza kuliko wengi aliowafundisha yeye. Miwani alivaa. Ubao alibana. Hata sweta alivua, na baridi yetu ya mwezi wa saba si ya kuvulia sweta. Akawa anafanya kazi huku anatetemeka, jambo ambalo nalo si salama, ikabidi nichukue sweta lake kuukuu nilikate mikono. Alionekana kama kuku aliyenyonyolewa nusu, lakini hakukuwa na uzi wa kunaswa.

Lililomshinda ni plagi. Yeye alifanyia kazi barazani, soketi iko sebuleni, na waya wa mashine ulikuwa umeunganishwa na mwingine ili ufike, ukapita dirishani. Kuchomoa maana yake ni kuvua viatu, kwa sababu sebule ikishapigwa deki sitaki mchezo.

"Ajali haina kinga, mama," aliniambia.

"Hii inayo. Iko ukutani."

Akawa anachomoa, huku akiguna.

Sasa, sisi tuna tabia moja. Umeme ukikatika hatuzimi kitu. Taa inaachwa hivyo hivyo, redio inaachwa hivyo hivyo, ili umeme ukirudi tujue. Kwa mama mkwe wangu walifanya hivyo, nyumba zote za ukoo zinafanya hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini. Kuzima swichi wakati hakuna umeme huonekana kama kukata tamaa.

Asubuhi moja redio ilinyamaza katikati ya matangazo ya vifo, na trima nayo ikanyamaza. Mume wangu akaona ndiyo nafasi ya kubadilisha kisu. Hakuzima, kwa kuwa hatuzimi. Hakuchomoa, kwa kuwa umeme haupo, sasa utachomoa nini? Aliigeuza mashine, akakishika kisu kwa vidole vya Krismasi, akachukua spana. Mimi nilikuwa zizini nawakatia ng'ombe majani. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Hapo akapita bibi wa jirani, rika la mama mkwe. Salamu za bibi huyu ni ibada nzima pamoja na matoleo, na mume wangu akimwona kwa mbali hukumbuka kazi nyuma ya nyumba. Siku hiyo hakuwahi. Na kwetu humpi mkubwa shikamoo huku umeng'ang'ania chombo cha kazi. Akaiweka trima juu ya meza, akavua kofia, akasogea hadi ukingoni mwa baraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

Wakapitia watoto mmoja mmoja, wakapitia kahawa, wakafika kwenye ng'ombe. Ndipo redio ikaanza kuongea sebuleni, na trima ikalia. Ilijizungusha juu ya meza, ikachimba mfereji kwenye ubao, ikaanguka, ikaendelea kujipigapiga sakafuni. Mimi nilikuja mbio kutoka zizini, nikapita sebuleni na samadi yangu yote, nikang'oa plagi.

Nilipotoka nje mume wangu alikuwa bado ameshika kofia. Bibi aliitazama ile mashine mpaka kisu kikatulia.

"Na ndama, naye hajambo?" akauliza.

Nilikasirika. Bibi alipoondoka niliuchukua mkono wa kulia wa mume wangu, nikaufungua kidole kimoja kimoja, nikauachia, nikarudi zizini kulia. Hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Kichwani nililiona kaburi langu, na yeye amesimama kando, tarumbeta ipo kwapani kwa sababu mkono hauwezi. Baada ya hapo sikuongea naye ila ya lazima, kama chumvi na maziwa.

Akaja jikoni na jani la isale, amelichuma mpakani mwa shamba. Huku mlimani mtu akikuletea isale kuomba msamaha huwezi kukataa; hata ugomvi wa damu umeishia hapo. Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii.

"Nimekosa, mama."

"Nimepokea," nikasema. "Ila kuna sharti. Unapobadilisha kisu, hiyo plagi niishike mimi."

Meza ilikuwa karibu kwisha watoto walipopiga simu kwamba wameanza safari. Ule mfereji alitaka kuuziba kwa gundi na unga wa mbao, nikamkatalia. Ulibaki ukingo wa upande mmoja, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Akavua viatu, akaingia sebuleni, akauvuta waya ukatoka wote, akaja kuniwekea plagi kiganjani. Kisha akaketi, akaigeuza mashine, akaanza kulegeza kisu.

Ndani, redio ikaanza kuongea. Yeye hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa natazama vile vidole vitatu vikizungusha spana. Nilijua plagi ile haijachomekwa popote. Niliishika kwa mikono miwili.