Maji ya moto chini ya meza

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, Papa Constant hubeba birika la maji yanayochemka hadi barazani, huinama kwa shida, na kuyamwaga polepole chini ya meza anayotengenezea baiskeli. Husubiri udongo uyanywe. Kisha hufagia, hata ule ufa mwembamba kati ya sakafu na ukuta, na takataka huzitupa motoni. Chini ya meza hiyo hakuna kitu. Wapangaji wapya hudhani ni kinga ya wachawi.

Hapo ndipo alipokuwa akilala Ministre.

Kwa miaka kumi na tisa Papa Constant alibeba abiria kwa baiskeli, toleka kama tunavyoziita Kisangani, kutoka Mangobo hadi soko kuu, mpaka goti likakataa. Tangu hapo hutengeneza baiskeli za wengine. Ministre alikuwa mbwa aliyemwokota barabarani angali mdogo, akampa jina hilo, yaani Waziri, kwa sababu, alisema, "iko nakula, iko nalala, na kila mutu anaisalimia." Alilala juu ya gunia kuukuu, pua yake ikigusa kiatu cha bwana wake. Mimi, ninayekodi chumba cha nyuma, niliwazoea hivyo.

Mwezi wa kwanza mwaka jana viroboto walijaa nyumbani. Mjukuu wa Papa Constant, Benie wa miaka miwili, mtoto wa binti yake Solange, alijikuna miguu hadi vidonda vikaanza kutoa usaha. Mama Viviane, mke wa Papa Constant, alimnyanyua mtoto mbele ya wateja.

"Papa Solange, angalia! Ministre yako imeleta serikali muzima ndani ya nyumba!"

"Nitaiogesha."

"Uliiogesha juzi. Bon, chagua: ao mbwa, ao mutoto. Kama mbwa inabakia, kesho Benie anarudi kwa mama yake."

Kesho yake Papa Constant alimfunga Ministre shingoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akampeleka mtoni. Shemeji yake Hugues, mvuvi wa Yanonge, chini ya mto, alikuwa anarudi kwao na mtumbwi, na ndiye angemchukua. Mbwa alitangulia mbele akivuta, mkia juu. Alidhani wanatembea tu. Nilikuwa mlangoni na kitabu mkononi. Nilikwisha kusoma kwamba viroboto tunaowaona juu ya mbwa ni wachache, na kwamba mayai na watoto wao wamejaa kwenye vumbi la pale anapolala. Nikasema, "Bonjour, papa." Basi.

Siku ya tatu hali ilikuwa mbaya zaidi. Viroboto waliozaliwa kwenye gunia hawakumkuta mbwa, wakapanda miguu ya watu.

"Ministre amekwenda," Mama Viviane alisema, akijipiga kofi kwenye ugoko, "serikali imebakia!"

Alimtazama mumewe ili acheke. Hakucheka.

Wiki ya pili niliandika kila nilichojua kwenye karatasi, nikampa Mama Viviane, kwa kuwa sikuthubutu kumfundisha mzee kwa mdomo. Papa Constant aliisoma mara mbili, kidole chake cheusi kwa grisi kikifuata mistari. Aliuliza neno moja tu: "Gunia?"

Alilichoma jioni ile ile. Alimwaga maji ya moto kwenye nyufa zote. Blanketi na vyandarua vilichemshwa, vikaanikwa juani. Alifagia kila siku, chini ya vitanda, nyuma ya masanduku, na hakuacha viroboto walipopungua, maana niliandika kwamba wengine hukaa wiki nyingi ndani ya vifuko vyao kabla ya kutoka. Mwisho wa mwezi wa tatu miguu ya Benie ilikuwa imekauka, imebaki madoa tu. Papa Constant akaenda kununua kitana chenye meno membamba, cha kumchania mbwa juu ya beseni la maji ya sabuni. Ndipo alipompigia simu Hugues, spika ikiwa wazi, sote tukiwa barazani.

"Shemeji, unirudishie mbwa yangu. Nyumba iko propre sasa, safi kabisa."

Hugues akajibu:

"Ah, beau-frère. Ile mbwa ilikuwa nashinda ku bandari. Kila baleinière, boti ya abiria, ikisimama, mbwa inataka kupanda. Tuliifunga, ikakata kamba. Jumapili moja ikaruka ndani. Watu wa boti walizani iko na mwenyewe."

"Boti ilikuwa napanda huku?"

"Hapana. Ilikuwa nashuka Barumbu, mbali na huku."

Mama Viviane aliingia ndani. Alipotoka alimwekea mumewe sahani ya lituma, ndizi za kuponda.

Miezi iliyofuata Papa Constant aliteremka bandarini kila Jumamosi kuwauliza mabaharia: mbwa wa kahawia, sikio moja limekunjika, mpira mweusi shingoni. Hakuna aliyemwona. Hata hivyo ameendelea kwenda. Kitana kinaning'inia kwenye msumari juu ya meza, bado kwenye mfuko wake wa nailoni.

Juma lililopita nilimkuta ameinama na birika. Katika miaka mitatu ya kuishi hapa sikuwahi kumuuliza kitu zaidi ya habari za asubuhi.

"Papa, viroboto walikwisha zamani. Kwa nini ungali unamwaga?"

Aliliweka birika chini, akashika goti lake.

"Ni kazi ya mwezi wa kwanza ule, mwanangu, kabla ya kutoa Ministre. Sikuifanyaka."