Mwezi wa Siku Arobaini na Moja

Mukonyo binti Mbaluka alizaliwa na kichwa cha hesabu, lakini kwa miaka miwili hakuna aliyejua, na mwishowe hata yeye mwenyewe alisahau. Mambo yaliharibika kwa swali moja dogo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, katika shule ya kanisa kati ya Ruiru na Thika. Mwalimu Gachanja aliwauliza watoto wa darasa la pili mwezi una siku ngapi. Mukonyo, mtoto wa Kikamba ambaye baba yake alikata mkonge kwenye shamba la Mzungu, akasimama bila wasiwasi.

"Inategemea, mwalimu. Mtu akiugua, mwezi unafika hata arobaini."

Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka nao. "Wakamba ni watu wa ngoma na kuchonga vinyago," alisema. "Hesabu haiko kwao." Hakuwa mtu mbaya, Gachanja, alikuwa na uhakika tu, na huo ndio ubaya wenyewe. Akamhamishia benchi la nyuma na Kisilu, mtoto mwingine wa kambi ya mkonge. Wenzao wakifanya hesabu, wao walichota maji ya bustani ya mwalimu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Likaja kweli. Mukonyo aliacha kuinua mkono, na hata jibu alilolijua alilifuta, akiona aibu kuwa nalo.

Walipofika darasa la nne, orodha ya watakaofanya mtihani wa kuingia la tano ikabandikwa ukutani. Jina lake halikuwemo. Bila mtihani huo, masomo yake yalikuwa yamekwisha. Jioni alimwambia baba yake kwamba kichwa chake ni kizito, akamsimulia lile swali.

Mzee Mbaluka alikuwa mpole, ila siku hiyo alikasirika. "Alikuuliza mwezi wake ama mwezi wangu?" Akampa kadi yake ya kazi.

Asubuhi Mukonyo aliiweka mbele ya mwalimu.

"Karani wa shamba anatia alama siku ya kazi peke yake, mwalimu. Mpaka zifike thelathini, mwezi haujaisha. Hapa kuna Jumapili tano, na siku sita baba alikuwa na malaria. Mwezi wake ulikuwa siku arobaini na moja. Nilikujibu vile tunahesabu kwetu."

Gachanja alizihesabu alama za ile kadi moja moja. Alikuwa amefundisha watoto wa wakata mkonge miaka kumi na moja bila kuwahi kuona kadi kama hiyo. Akaenda ukutani, akaandika jina la Mukonyo chini ya mengine.

"Kumbe wewe si kama hao wenzako," alisema kwa upole.

Sifa hiyo ilimwingia tamu, na papo hapo akaichukia. Hakuondoka.

"Na Kisilu, mwalimu?"

"Kisilu hawezi."

"Ulimuuliza swali lini, mwalimu?"

Mukonyo alibaki amesimama pale mpaka jina la pili likaandikwa.