Profesa Alikataa Aproni ya Unga

Leo mdhamini wetu alipenda mzaha wetu, na hapo ndipo shida ilianza.

Mnajua naandika kile kichekesho cha TV kuhusu chuo kinachouzwa kidogo kidogo kwa makampuni. Leo tulikuwa tunashuti katika eneo la Kiplombe. Kwenye script, profesa anafundisha akiwa amevaa aproni ya kampuni ya unga.

Sasa, mdhamini wetu pia anauza unga. Meneja wao alipofika, nilijua atataka tuitoe hiyo sehemu.

Alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaleta aproni yao yenyewe kutoka kwa gari.

"Vaeni hii. Itauza sana."



Mama Nafula, anayeigiza profesa, akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Siwezi kuwacheka na bado niuze unga wenu."

Meneja akaondoka na taa zote walizokuwa wametuletea.

Tukatoa meza nje, tukashuti kwa jua mpaka tukamaliza. Sijawahi kuona Mama akiigiza vile.

Kwa hivyo hatuna mdhamini. Lakini hiyo sehemu itaonyeshwa vile niliiandika, na hakuna mtu atagusa hata neno moja.

Nyinyi mngeivaa? Semeni ukweli.