Kidole cha Pili cha Bi Wino

Kila siku ya uchaguzi, kwa miaka ishirini, fundi cherehani mmoja alifunga duka lake akaenda kukaa kwenye meza ya wino. Kazi yenyewe ni kukagua kidole kidogo cha kushoto cha kila anayeingia, na kukichovya kwenye chupa anapotoka. Mtaa ukambatiza Bi Wino. Aliipenda kazi ile, pengine kupita kiasi. Ukimletea kidole chenye doa, huna chako. "Geuza. Geuza tena. Haya, nenda nyumbani."

Uchaguzi uliopita alimrudisha mdogo wa mumewe, fundi baiskeli, kwa grisi iliyoganda kwenye kucha. Shemeji aliapa, akasugua kwa sabuni na mchanga, wapi. Miaka mitano sasa, kila familia ikikutana anaisimulia upya, na kila mwaka ile grisi inazidi kupungua.

Safari hii shemeji alikuja na kitambulisho cha wakala wa chama shingoni, akakaa dawati la nyuma, macho kodo. Nyumbani kwao hakuna asiyejua kwamba Bi Wino ni wa upande mwingine. Mgombea wake ameahidi kuziba mtaro unaomwaga maji machafu mlangoni pa duka lake, na siku ya kumpigia kura ameisubiri kama mgonjwa anavyosubiri dawa.

Kabla mlango haujafunguliwa, alifungua chupa mpya. Wino huu mzito au mwepesi? Dukani, akitaka kujua kama pasi imepata moto, hulowesha kidole akaigusa. Mkono una mazoea yake. Akili ilipofika, kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimeshaingia na kutoka, cheusi tii.

Na yeye hakuwa amepiga kura.

Alikifunga kwa kitambaa, akasema amejichoma sindano. Kutwa nzima alikagua vidole vya watu huku chake amekificha. Aliwarudisha wawili tu, tena kwa upole, mpaka watu wakauliza kama anaumwa.

Zikiwa zimebaki dakika tano kufunga, msimamizi wa kituo akamwambia, "Bi Wino, bado wewe." Kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti cha Bi Wino. "Kidole."

Akafungua kitambaa.

"Mama, hiki kimeshapiga kura."

"Nilikuwa najaribu wino."

"Ungekuwa wewe umekaa hapa, ungekubali?"

"Nisingekubali," alisema Bi Wino. Machozi yalimlenga, na aliona aibu kwelikweli.

"Una shahidi?"

Akatazama dawati la nyuma. Shemeji alikohoa taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Shemeji," akamuuliza, "uchaguzi uliopita, kwenye kucha yangu kulikuwa na nini?"

"Grisi."

"Sema kwa sauti. Mawakala wenzangu huku hawajasikia."

"Ilikuwa grisi, shemeji. Nisamehe."

Fundi baiskeli akanyoosha shati. Alijua fika kura ile inakwenda wapi. "Nilimwona asubuhi," akamwambia msimamizi. "Alichovya kabla ya kufungua mlango. Mwache apige."

Akapiga. Alipotoka kwenye kibanda, akanyoosha kidole kilekile cheusi.

"Hapana," shemeji akasema kutoka nyuma. "Hicho ni cha majaribio. Kanuni ni kanuni."

Msimamizi akachovya kidole cha pili, kilicho jirani yake, mpaka shinani.

Kesho yake mteja wa kwanza aliingia dukani na suruali ya kupunguza. Aliitazama mikono ya Bi Wino iliyokuwa juu ya cherehani, akahesabu.

"Fundi, vidole viwili? Wewe?"

Bi Wino alieleza. Pasi, chupa, mazoea. Kadiri alivyoeleza ndivyo mteja alivyozidi kutabasamu. Mwishowe Bi Wino akamburuta mpaka mlangoni, akapaza sauti ng'ambo ya mtaro, kwenye karakana ya baiskeli.

"Shemeji, hebu mwambie huyu ulichokiona jana."

Fundi baiskeli aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi?" akasema. "Mimi sikuona kitu."