Maziwa ya Kutafuna

Harufu ya kibuyu kinachosuguliwa kwa kaa la moto, ule moshi wenye utamu kidogo, ikinipata mahali popote nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ngojeni niwaambie sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukikaa mjini, mtaa unaoitwa West Indies. Mwaka huo nililala. Si usingizi, nililala tu nikiangalia mabati. Chakula kilikataa kupita kooni, hata maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, shuleni nilikuwa nagawia wengine. Sikuwa na jeraha la kuonyesha mtu. Baba yangu, Kiprono, akasema ni uvivu. Mwalimu Sawe akasema ni kiburi, akanichapa mbele ya darasa la tano mpaka hamu ya shule ikaniisha. Nawataja majina kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia pole.

Jirani yetu alikuwa Mama Nafula, Mbukusu, muuza mboga. Asubuhi moja aliingia bila hodi, amebeba kibuyu. Alikuwa amejaribu kutengeneza mursik, maziwa yetu Wakalenjin ya kugandisha. Sisi husugua kibuyu kwa ndani kwa kijiti kilichochomwa, kisha tunakung'uta. Yeye alikuwa ametwanga makaa ya jiko, akamwaga yote humo.

"Onja, Chebet. Nyinyi Wakalenjin mmenificha nini?"

Nikaonja. Meno yakasaga kama nimelamba barabara ya maramu, changarawe tupu.

"Mama, hii si ya kunywa. Ni ya kutafuna!"

"Woi! Na mzee wangu amemaliza kikombe, ati tamu! Hebu muone!"

Nikainuka, nikachungulia dirishani. Mzee wake alikuwa langoni akisalimia majirani, anatabasamu, meno meusi tii. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sauti yangu mwenyewe nilikuwa nimeisahau.

"Basi njoo unifundishe," akasema.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwanafunzi mgumu ajabu! Leo anapasua kibuyu, kesho anasahau kufunika. Mwishowe nikawa namngojea mlangoni, nimenawa uso, nimekula. Siku zingine ule uzito ulinirudia. Alinikuta nimelala, akakaa kitandani akachambua mboga zake hapo hapo, asiniulize neno.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshasikia kwa redio kwamba uzito ule ni ugonjwa kama malaria, ndipo nikamuuliza: "Mama, ploti yetu ya kupanga ilijaa wamama Wakalenjin wanaojua mursik kuliko mimi. Mbona ulikuja kwa mtoto?"

Akaniangalia kama nimeuliza upuzi.

"Hao wengine hawakuwa wamelala."